Mafuta ya Breki Hayapungui Bure

Shule zinapofungwa, jamaa nyingi za pwani hufunga mizigo na kuishika njia ya bara. Wengine huelekea Nairobi. Wengine wana wakwe na ndugu katika Makueni na Kitui. Njia kuu ya kutoka Mombasa huingia Makueni kwa Mtito Andei, ikapita Kibwezi, Makindu na Emali hadi Sultan Hamud, mji uliobeba jina la Sultani wa Unguja. Kibwezi hutoka barabara nyingine inayovuka Mto Athi na kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui mjini.

Mama wa nyumba hukagua kila kitu kabla ya safari hiyo: maji, maandazi, miswala, dawa za watoto. Kipo chombo kidogo chini ya boneti ambacho aghalabu hakuna anayekitazama, nacho ndicho chenye mafuta ya breki. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Anayelisimamisha ni dereva kwa nguvu ya mguu wake, na nguvu hiyo huchukuliwa na mafuta hayo hadi kwenye magurudumu.

Kwa nini hupungua

Mafuta ya injini huweza kuungua kidogo kidogo, lakini mafuta ya breki hayaungui. Yamo ndani ya mfumo uliofungwa: dereva akanyagapo, masta silinda huyasukuma kupitia paipu nyembamba, nayo huzibana pedi kwenye magurudumu. Basi yakipungua, sababu ni moja kati ya mbili. Ama pedi zimelika, mafuta yakashuka kuijaza nafasi iliyoachwa, ama yanavuja.

Kwa hiyo kuongeza mafuta si kutengeneza. Anayejaza chombo leo na kukuta kimepungua tena baada ya siku chache amekwisha kupata jibu lake: kuna tundu mahali fulani, nalo halitajiziba.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na chumvi ya bahari hula paipu za chuma. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Kwenye miteremko mirefu ya vilima vya Mbooni na Kilungu, breki zinazokanyagwa bila kupumzika hupata moto mkali. Mafuta yakichemka, mvuke huingia kwenye paipu na kanyagio huzama bila kushika kitu.

Namna ya kuutafuta uvujaji

Kazi hii haihitaji spana, na kila mwenye macho aweza kuifanya siku mbili tatu kabla ya safari.

Kwanza, gari likiwa mahali tambarare, tazama alama mbili ubavuni mwa chombo. Mafuta yawe katikati yake. Pili, tandaza karatasi au boksi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi angalia palipolowa: karibu na gurudumu ni kalipa au silinda ya gurudumu, katikati ya gari ni paipu, chini ya upande wa dereva huenda ikawa masta silinda. Mafuta ya breki ni mepesi na huteleza. Yakiwa mapya rangi yake ni ya manjano iliyofifia, yakichakaa huwa kama chai ya rangi. Tatu, tazama upande wa ndani wa kila tairi kama umelowa.

Nne, washa injini, kanyaga breki na uushikilie mguu kwa nusu dakika. Kanyagio likishuka taratibu na hakuna palipolowa, mipira ya ndani ya masta silinda imechoka. Taa nyekundu ya breki ikiwaka ilhali breki ya mkono imeshushwa, gari lisiende popote.

Kwa fundi

Fundi akishapata palipovuja, abadilishe kilichoharibika: mipira, paipu, silinda au kalipa. Pedi zilizolowa mafuta nazo zibadilishwe, kwani kuzifuta hakutoshi. Kisha atoe upepo katika mfumo wote mpaka mafuta yatoke bila povu. Muulize ni daraja gani la mafuta. Limeandikwa kwenye kifuniko cha chombo. Mafuta ya injini yasitiwe humo hata kidogo, maana huvimbisha mipira na kuharibu mfumo mzima. Chupa iliyosalia iwekwe mbali na watoto, kwa sababu ni sumu, tena huchubua rangi ya gari.

Njiani

Magari mengi ya siku hizi yana njia mbili za mafuta, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Hapo ndipo watu hudanganyika: gari bado linasimama, ingawa kwa mbali zaidi, na dereva husema litafika. Kuna na fundi wa njiani atakayependekeza kuipondaponda paipu inayovuja ili msonge mbele. Gari la namna hiyo huvuta upande mmoja likikanyagwa ghafla, na njia ya Makueni imejaa malori.

Breki zikikataa mkiwa mwendoni, dereva apampu kanyagio haraka haraka, ashuke gia moja moja, avute breki ya mkono polepole na kuwasha taa za tahadhari. Asizime injini, maana usukani utakuwa mzito.

Zaidi ya yote, dada msomaji, usione haya kusema, "Baba watoto, tusiendelee." Arusi itangoja, au itafanyika bila ninyi, na jamaa watasamehe. Kulala usiku mmoja Kibwezi au Emali hadi spea ipatikane ni gharama, lakini ni gharama inayolipika. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali; basi dua ya safari isomwe baada ya kuufunga mlango wa boneti.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafiri wetu wote.