Hita ya Pikapu Kuukuu Ijiwashe na Kujizima

Baridi ya Julai kule Limuru na Kinangop si mchezo. Dereva anayepeleka maziwa ya kikundi alfajiri huwasha hita, punde anatoka jasho, anaizima, kisha baridi inarudi. Mkono uko kwenye swichi badala ya usukani. Fundi wa redio anaweza kumsaidia.

Je, inafanya kazi namna gani?

Hita ya gari hutumia maji moto ya injini, na feni ndiyo inayosukuma joto ndani. Kwa hivyo tunahitaji tu kitu cha kuwasha na kuzima feni. Themista ni kijidude kinachopitisha umeme zaidi kikipata joto. Chipu ya LM393 hulinganisha umeme wa themista na kiasi mlichoweka. Kukiwa na baridi, chipu huamsha transista, transista huvuta rilei, na rilei huwasha feni.

Zingatieni haya:

1. Umeme wa feni usipite kwenye chipu. Feni hula ampea nyingi, chipu itaungua. Hiyo ni kazi ya rilei.

2. Fungeni dayodi kwenye koili ya rilei. Bila hiyo, transista inaweza kufa rilei ikizimwa.

3. Wekeni nafasi kati ya kuwaka na kuzima: iwake nyuzi 20, izime nyuzi 23. Bila nafasi hiyo rilei itakuwa ikitetemeka ovyo. Ijaribuni mezani kwanza.

4. Umeme utoke kwenye waya wa ufunguo na upitie fyuzi, la sivyo mtakuta betri imekwisha asubuhi.

5. Themista isikae juani wala mbele ya mdomo wa hita, maana itawadanganya.

6. Swichi ya zamani ibaki, ili dereva aweze kuondoa ukungu kwenye kioo.

Onyo!

Kabla ya haya yote, kagueni ekzosi. Ikiwa imetoboka, feni inaweza kuvuta moshi hadi ndani, na sasa feni hiyo inajiwasha yenyewe madirisha yakiwa yamefungwa. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Abiria wakilalamika kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, simamisheni gari, zimeni injini na mtoke nje mara moja. Wala msijaribu hita injini ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa.

Ekzosi izibwe kwanza, rilei baadaye.