Roboti Haipasui Peke Yake: Kazi ya Dkt. Mani Menon

Upasuaji ni mojawapo ya tiba za saratani ya tezi dume. Tezi hii iko ndani ya nyonga, chini ya kibofu, karibu na mishipa ya fahamu inayohusika na nguvu za kiume. Ndiyo maana wanaume wengi huogopa kisu.

Dkt. Mani Menon, mzaliwa wa India, aliongoza idara ya urolojia katika Hospitali ya Henry Ford jijini Detroit, Marekani. Mnamo 2001 alianzisha hapo mojawapo ya programu za kwanza duniani za kutoa tezi dume kwa roboti. Mwaka 2013, yeye na wenzake nchini India walianza kupandikiza figo kwa roboti, wakiipoza figo kwa barafu laini ndani ya mwili.

Roboti haijiamulii. Daktari huketi mbele ya mtambo, hutazama picha iliyokuzwa, na vifaa vilivyopitishwa kwenye matundu madogo hufuata mwendo wa mikono yake. Damu hupotea kidogo na mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Hata hivyo, kulinda nguvu za kiume na uwezo wa kuzuia mkojo bado hutegemea ustadi wa daktari.

Upasuaji hufaa zaidi kabla saratani haijasambaa, na mwanzoni mara nyingi haina dalili. Wanaume wa Kakamega wenye miaka 40 na zaidi, hasa ambao baba au ndugu yao aliugua, wamuulize mhudumu wa afya kuhusu kipimo cha damu cha PSA. Usisubiri maumivu.