Uvira: Kupatana kwa familia hakumalizi kesi ya ajali barabarani

Motari anashuka kutoka Rurambo kuelekea bonde la Ruzizi akiwa amebeba abiria na gunia la maharagwe. Kwenye kona breki zinakataa, pikipiki inamgonga mama anayetoka sokoni. Mama anavunjika mguu. Kabla giza halijaingia, wazee wa pande zote mbili wamekwisha kaa: motari atalipa matibabu, ataongeza mbuzi mmoja, na karatasi inatiwa sahihi mbele ya chifu wa kijiji. Kila mtu anarudi nyumbani akiamini kwamba mambo yamekwisha.

Baada ya wiki mbili, polisi wanamwita motari. Familia yake inasema imegeukwa. Familia ya mama inaapa kwamba haikwenda kushitaki popote. Huo ni mfano tu, lakini katika hali kama hiyo pande zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli, kwa sababu ajali moja huzaa kesi mbili.

Kesi ya kwanza ni ya serikali. Kitabu cha sheria ya adhabu cha Kongo, katika vifungu vya 52 hadi 54, kinamwadhibu mtu aliyeua au kujeruhi bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu. Akifa mtu, adhabu ni kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili pamoja na faini. Akijeruhiwa, kifungo ni cha siku nane hadi mwaka mmoja na faini, au moja kati ya adhabu hizo mbili. Juu ya hayo kuna makosa ya sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978. Kesi hii iko mikononi mwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka. Familia haiwezi kuifuta hata kama imesamehe.

Kesi ya pili ni ya fidia: hospitali, siku za kazi zilizopotea, kilema, mazishi. Hiyo ndiyo mali ya familia, na hiyo ndiyo wazee wanaweza kuimaliza chini ya mti.

Katika eneo hili hakuna anayeweza kusema ajali ni jambo dogo. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara kuu inayounganisha Uvira na Bukavu. Mafuta yalimwagika, moto ukawaka, na watu zaidi ya 230 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia.

Safari ya kesi huanzia kwa polisi wa barabarani, PCR, au kwa OPJ, afisa wa polisi mwenye mamlaka ya kupeleleza. Yeye hupima eneo, huwasikiliza mashahidi na kuandika PV. Anaweza kumshika dereva, lakini Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kukaa kasho la polisi zaidi ya masaa 48. Muda huo ukiisha, anaachiliwa au anapelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya kisheria.

Kwa makosa madogo ambayo yangeishia kwenye faini tu, OPJ anaweza kumwambia dereva alipe amande ya mapatano. Pesa hizo ni za hazina ya serikali. Zikilipwa, mashitaka yanazimika isipokuwa parke iamue vingine, na kulipa hakumaanishi kwamba dereva amekiri kosa. Lakini pesa iliyotolewa mkononi bila risiti si amande. Haifungi kesi yoyote, na kesho afisa mwingine anaweza kuanza upya.

Faili likifika parke, mwendesha mashitaka ana njia tatu: kulifunga, kutoza amande, au kulipeleka mahakamani. Akitaka dereva abaki ndani, hati yake ya kukamata inadumu siku tano. Baada ya hapo jaji ndiye anayeamua, kwanza kwa siku 15, kisha kwa mwezi mmoja mmoja. Dereva, au avoka wake, anaweza kuomba aachiliwe kwa muda kwa kuweka dhamana.

Hukumu inatolewa na mahakama ya amani, ile ambayo wengi huiita tripaix. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 inaipa makosa yote ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitano, kwa hiyo ajali nyingi zinaishia hapo. Dereva akiwa mwanajeshi au polisi, kesi inakwenda mahakama ya kijeshi, na huko pia familia inaweza kudai fidia.

Mbele ya tripaix, aliyeumia anaweza kujiunga na kesi ya serikali na kudai haki yake hapo hapo kabla mjadala haujafungwa. Hadai kwa dereva peke yake. Kama motari alikuwa akimfanyia kazi mwenye pikipiki, huyo tajiri anaweza kuitwa alipe. Kampuni ya bima nayo inaweza kuitwa, maana bima ya gari na pikipiki ni ya lazima nchini tangu mwaka 1973. Asiyeridhika na hukumu iliyotolewa akiwepo ana siku kumi za kukata rufaa kwenye mahakama kuu, tribunal de grande instance.

Kwa mtu wa Rurambo, kila hatua kati ya hizo ina bei yake: kushuka mlima, nauli, kulala Uvira, kuwaleta mashahidi wanaoacha mashamba na ng'ombe. Ndiyo maana mapatano ya kijijini yanapendwa, na si mabaya. Yanatuliza hasira, yanazuia kisasi, na jaji akionyeshwa karatasi anaweza kupunguza adhabu. Hatari iko kwenye haraka. Mguu uliofungwa vijiti siku ya ajali unaweza kudai upasuaji mwezi wa tatu, na wakati huo karatasi tayari inasema "hatudaiani tena".

Pia saa ya sheria haingoji. Mashitaka ya kujeruhi bila kukusudia yanakufa baada ya mwaka mmoja, na ya kuua bila kukusudia baada ya miaka mitatu.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, familia inafaa kwanza kupata karatasi ya daktari, nambari ya pikipiki, jina la mwenye pikipiki na majina ya mashahidi. Karatasi ya mapatano yenyewe iandike wazi kiasi kilicholipwa, kimelipia nini, na nini kitafanyika kama ugonjwa utazidi. Motari naye aihifadhi nakala yake vizuri. Siku parke itakapomwita, karatasi hiyo haitafuta kesi, lakini itamwonyesha jaji kwamba hakukimbia.