Ukame, Dhahabu na Uzazi: Nani Analipa?

Wako watu wanaodhani kwamba afya ya uzazi ni kazi ya zahanati, na mabadiliko ya tabianchi ni kazi ya wataalamu na mikutano ya kimataifa. Katika makala haya tunataka kueleza kwamba katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita mambo haya mawili ni jambo moja, na kiini chake ni uhusiano wa watu katika uzalishaji mali.

Tuanze na ardhi. Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa kutenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Serikali ya kikoloni ilifyeka misitu kupiga vita mbung'o. Pamba ikazidi kupanua mashamba. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo ikawaweka watu mbali na ngitili zao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanzishwa mwaka 1986, sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa tupu. Mradi huo ulifaulu kwa sababu haukuleta jambo geni: uliwahimiza wananchi kurudisha ngitili zao wenyewe, na mamia ya maelfu ya hekta yakaota tena. Safari ya kutafuta kuni ikapungua. Hilo nalo ni suala la afya ya uzazi, maana mwenye mimba ya miezi minane ndiye huyo huyo mbeba kuni na maji.

Lakini mvua haiko mikononi mwa kijiji. Bara zima la Afrika hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa duniani. Mwaka 2009, huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 kuzisaidia nchi maskini. Kiasi hicho hakikufikiwa mpaka 2022, tena sehemu kubwa ni mikopo. Aliyeunguliwa nyumba anakopeshwa ndoo na aliyewasha moto!

Mtama na pamba vikikauka, nguvu kazi huhamia machimboni: Nyarugusu, Mgusu, Rwamagasa. Huko nako kuna matabaka. Yuko mwenye leseni, yuko mwenye duara, yuko mchimbaji, na chini yao wote yuko mwanamke. Katika machimbo mengi mila humkataza kushuka shimoni. Kazi yake ni kuponda mawe, kuteka maji, kuosha marudio na kuchanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu. Kisha mchanganyiko huo huchomwa ili ibaki dhahabu, mara nyingine katika jiko lile lile la ugali. Mvuke wa zebaki huingia mapafuni, hupita kwenye damu, huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Ulimwengu ulikwisha kupata somo hili huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki uligunduliwa mwaka 1956: mama waliokula samaki wenye sumu ya kiwanda walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika, hata pale mama mwenyewe alipoonekana mzima. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka mipango ya wachimbaji wadogo iwakinge hasa watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Kumwambia mwanamke huyo "acha zebaki" ni maneno matupu. Hana shamba la kurudia, na dhahabu anayoikamata si yake.

Wapo pia mabinti. Mahari ya Usukumani ni ng'ombe, na nyumba iliyopoteza mifugo kwa ukame huona njia ya mkato ya kupata mingine. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulionyesha kwamba Shinyanga, asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu jambo hilo vinapingana na Katiba. Uamuzi huo ni mkubwa, lakini hukumu hairudishi zizi la ng'ombe waliokufa kwa kiu.

Kwa hiyo tunasema kazi ianzie kwenye uzalishaji. Viko vyombo vya kuchomea vilivyofungwa, ambavyo huurudisha mvuke wa zebaki kuwa majimaji ili itumike tena. Gharama yake imwangukie mwenye leseni, iwe sharti la leseni yenyewe. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, hupima dhahabu kwa gramu. Basi na ushuru wa gramu hizo ulipie mkunga na maji safi karibu na mialo. Fedha za tabianchi zinapofika, swali la kwanza katika kikao cha kijiji liwe: ngitili ngapi zimeandikwa kwa majina ya wanawake?