Matumbawe ya Malindi: Shahidi Aliye Chini ya Bahari

Waislamu tunaamini kwamba ardhi tunayoikanyaga itatoa ushahidi juu yetu Siku ya Kiyama. Lakini hata hapa duniani Allah (S.W.) amejaalia viumbe vitunzavyo kumbukumbu za yaliyopita. Kimojawapo ni tumbawe, yaani marijani, ambayo Qur'ani Tukufu imeitaja katika Surat Ar-Rahman.

Tumbawe hujengwa na wanyama wadogo mno wa baharini kwa chokaa. Kila mwaka huongezeka tabaka, na matabaka hayo huonekana kwa picha za eksirei, yakahesabika kama pete za gogo la mti. Wataalamu hupiga mbizi, wakatoboa kwa keekee na kutoa kipande kirefu mfano wa mwanzi, kisha wakapima kilichomo katika kila tabaka. Ndani ya chokaa mna oksijeni nyepesi na nzito. Bahari ipatapo joto, ile nzito hupungua. Hivyo jiwe hueleza joto la miaka ambayo hapakuwa na mtu wa kulipima.

Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa tumbawe la Malindi, Kenya, lenye kumbukumbu ya miaka 194. Ulionyesha kuwa bahari hiyo imeongezeka joto kwa hadi nyuzi 1.3 tangu mwanzo wa karne ya 19.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2007, ulirudi nyuma miaka 300. Huo ulipima bariamu, madini yanayofika baharini pamoja na udongo wa Mto Sabaki. Kuanzia 1700 hadi 1900 udongo uliochukuliwa na mto karibu haukubadilika. Tangu 1900 ukazidi mfululizo, ukafikia kilele kati ya 1974 na 1980, mvua kubwa zilipofuatia ukame wa miaka kadhaa, ilhali kilimo kilikuwa kimetanuka mno.

Hapa ndipo penye mazingatio. Mvua na ukame ni kwa kadari ya Allah. Ama kuiacha ardhi uchi, hilo ni la mikono yetu. Mkulima wa bara hauoni mwamba wa Malindi, wala mvuvi wa Malindi hamjui mkulima yule; lakini udongo uliompotea mmoja umemchafulia maji mwenzake. Nao udongo ni urithi wa watoto, haurudi kwa msimu mmoja.

Basi wazazi wenzetu, tuwafundishe watoto wetu ukhalifa kwa vitendo: tupande miti, tukinge miteremko kwa matuta, tusilime hadi ukingoni mwa mto. Wazee wetu wa mwambao walichonga mihrabu kwa mawe ya matumbawe, wakasali wakiyaelekea. Jiwe lile lile leo linaandika habari zetu. Tabaka la mwaka huu linajengwa hivi sasa, na watakaolisoma ni wajukuu zetu.

Wabillahi tawfiq.