Buti za kauboi

Buti za kauboi ni viatu virefu vya ngozi vinavyofika katikati ya ugoko, visivyo na kamba wala zipu, vyenye kisigino kilichoinuka na mara nyingi ncha iliyochongoka. Zilianza kutengenezwa Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19 kwa ajili ya wachunga ng'ombe waliofanya kazi wakiwa juu ya farasi. Katika Afrika Mashariki nyingi huuzwa zikiwa mitumba, na jambo hilo hubadilisha namna ya kuzichagua.

Asili ya umbo lake

Wachunga ng'ombe wa Texas walijifunza mengi kutoka kwa wenzao wa Mexico, yakiwemo mavazi. Kila sehemu ya buti ilikuwa na kazi. Kisigino kirefu kilizuia mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko, na ncha nyembamba ilirahisisha kuuingiza humo. Shingo ya buti ilikinga ugoko na miiba. Kukosa kamba kulimsaidia mpandaji aliyeanguka: mguu ulichomoka ndani ya buti badala ya yeye kuburutwa na farasi. Mmoja wa mafundi wa mwanzo waliopata sifa, H. J. Justin, alianza kazi Spanish Fort, Texas, mwaka 1879.

Nje ya Marekani buti hizi zilijulikana zaidi kwa njia ya sinema. Huko Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, vijana wa miaka ya 1950 waliojiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, waliiga mavazi na mwendo wa makauboi wa filamu. Nchini Kenya huvaliwa na baadhi ya wapenzi wa muziki wa kantri.

Jinsi buti inavyoushika mguu

Kiatu cha kamba kikipwaya kidogo, mvaaji hukaza kamba. Buti ya kauboi haina njia hiyo. Kinachoushika mguu ni ngozi inayopita juu ya mgongo wa mguu, kati ya vidole na kifundo. Ikilegea hapo, mguu huteleza mbele kila hatua, vidole hugonga ncha na kisigino hupanda na kushuka hadi malengelenge yatoke. Ikibana mno, mguu hufa ganzi. Kwa hiyo mgongo wa mguu ndio wa kupimwa kwanza, kabla hata ya urefu.

Mahali pa pili ni sehemu pana ya unyayo, nyuma ya vidole. Sehemu hiyo lazima ikae mahali ambapo soli ni pana zaidi na hujikunja. Vidole vilale bila kupandana. Nafasi tupu iliyo mbele yake kwenye ncha iliyochongoka ni ya umbo tu, haihesabiwi. Ndiyo maana kulinganisha soli ya buti na soli ya kandambili, kama wanunuzi wengi wafanyavyo, hudanganya: buti huonekana kubwa kumbe ni ndogo.

Hata ile desturi ya kumpa mtu aendaye mjini kamba yenye urefu wa mguu haitoshi hapa. Kamba hiyo hupima urefu peke yake. Afadhali zitumwe tatu: ya urefu, ya mzingo wa sehemu pana ya unyayo, na ya mzingo wa mgongo wa mguu.

Namba na upana

Buti za Marekani hupigwa namba na herufi ndani ya shingo. Kwa wanaume, namba 9 ya Marekani hukaribia 8 ya Uingereza na 42 ya Ulaya. Kwa wanawake namba ya Marekani huwa juu zaidi kwa takriban 1.5. Herufi huonyesha upana: kwa wanaume D ni wa kawaida, B ni mwembamba na EE ni mpana. Kwa wanawake B ndio wa kawaida.

Herufi hiyo isipuuzwe. Miguu iliyokua ikitembea peku huwa mipana zaidi upande wa vidole kuliko iliyofungwa viatuni tangu utotoni, kwa hiyo mtu aliyekulia kijijini anaweza kupata urefu sahihi katika D na bado akabanwa. Dawa yake ni herufi pana au ncha ya mviringo au ya mraba, wala si kuongeza namba. Namba ikiongezwa, sehemu ya kujikunja husogea mbele na mgongo wa mguu hulegea.

Buti mpya na buti za mtumba

Ushauri mwingi ulioandikwa kuhusu buti hizi unahusu buti mpya. Buti mpya iliyokaa vizuri huacha kisigino kipande kidogo, kama sentimita moja hivi, kwa sababu soli bado ni ngumu. Ikishaanza kujikunja, mchezo huo hupungua. Ngozi nayo hutanuka kidogo kwa upana, ingawa kwa urefu haitanuki.

Kwa mtumba kanuni hiyo haifai. Soli imekwisha kulainika na ngozi imekwisha kutanuka kwa kufuata mguu wa mtu mwingine. Kisigino kikipwaya sokoni kitaendelea kupwaya nyumbani, na palipobana hapataachia sana.

Suala hili lina uzito kwa mtu wa Kidahwe, kata ya Wilaya ya Kigoma iliyopo barabara inapogawanyika kwenda Kasulu na Uvinza. Akinunua Mwanga, mjini Kigoma, akafika nyumbani ndipo agundue buti zinambana, kuzirudisha ni nauli nyingine, na huenda muuzaji asizipokee.

Ukaguzi huanza kwa mkono. Mnunuzi aingize mkono ndani na kupapasa alama za vidole vya mwenye awali, misumari iliyotokeza na ngozi iliyojikunja. Mikunjo ya juu itazamwe: ikiwa haiangukii pale mguu wa mnunuzi unapojikunja, itamchoma kwa kila hatua. Buti zote mbili zisimamishwe kwenye ubao ulionyooka. Inayoinama upande mmoja imelika kisigino, au imepindishwa na mwendo wa mwenye awali. Soli ikisokoteka kirahisi katikati, kipande kigumu cha ndani kinachobeba tao la unyayo kimevunjika, na buti hiyo haifai hata kwa bei ya bure. Namba isomwe kwenye buti zote mbili.

Kisha zivaliwe zote mbili, na soksi zile zitakazotumika, ikiwezekana alasiri, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Mguu wenye buti inayofaa huingia kwa kusukumwa, na kisigino hutua kwa mshindo. Ukiingia kama kwenye ndoo, shingo na mgongo wa buti ni vikubwa mno. Hatua chache hazitoshi; mteremko wowote ulio karibu ni kipimo bora, maana huko ndiko vidole hugonga mbele.

Matumizi na tahadhari

Soli ya ngozi huteleza kwenye tope, na Kigoma mvua hunyesha takriban kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Shambani kwenye maji gambuti hufaa zaidi. Kwa anayetembea sana, kisigino kifupi cha sentimita 3 hivi huchosha kidogo kuliko kile cha mpandaji farasi.

Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia miguuni asitegemee kujisikia tu, kwani anaweza kuchubuka bila kujua. Buti za ncha nyembamba hazimfai.

Fundi viatu anaweza kutanua upana kwa kalibu ya mbao, kuongeza soli ya ndani ili kuziba nafasi ndogo juu ya mgongo wa mguu, au kubadilisha kisigino kilicholika. Hawezi kuongeza urefu. Wala asikikate kisigino kirefu kiwe kifupi sana, kwa sababu tao la buti liliundwa kwa kimo kile, na likishushwa ncha huinuka juu.