Ukiona Vyaelea, Vyaundwa: Tujifunze Kuteua Mafuta ya Karafuu

Wahenga walitwambia kuwa ukiona vyaelea, vyaundwa. Hapana shaka walikuwa wakiisifu kazi ya fundi wa jahazi, wala hawakuwa na chupa ya mafuta akilini. Hata hivyo, methali hiyo ilinijia siku moja nilipoketi mezani, bilauri ya maji mbele yangu na kichupa cha mafuta ya karafuu mkononi, nikiyatazama matone yakielea juu ya maji mithili ya mafuta ya kupikia. Mafuta halisi ya karafuu hayaelei. Haya yaliyoelea yalikuwa yameundwa.

Kichupa hicho nilikinunua katika duka moja mjini kwa ajili ya mtoto wa nyumbani aliyekuwa akilia jino. Kibandiko chake kilipambwa kwa picha ya karafuu na neno "asilia" kwa herufi kubwa za rangi ya dhahabu. Zaidi ya hayo hakikusema lolote. Harufu ilikuwepo, lakini jino halikutulia. Nililaumu jino, nikamlaumu mtoto kwa kudeka, kabla sijafikiria kumlaumu aliyeniuzia.

Nasimulia kisa hiki kwa kuwa najua si changu peke yangu. Mafuta ya kunukia yatokanayo na mimea yameenea kila pembe: ya mkaratusi kwa mafua, ya mchaichai kwa mbu, ya waridi na asumini kwa urembo, na ya karafuu kwa meno. Je, mnunuzi wa kawaida, asiye na maabara wala mizani, atayatambuaje yaliyo bora? Maoni yangu ni kwamba silaha yake ya kwanza ni maswali matatu: Mafuta haya ni ya mmea gani? Yametolewa katika sehemu gani ya mmea huo? Yametolewa kwa njia gani? Muuzaji ambaye yeye wala kibandiko chake hawawezi kuyajibu hastahili pesa zetu.

Tuchukue mfano wa huu mkarafuu tunaoujua. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kilimo chake kikapanuka sana wakati wa utawala wa Sayyid Said. Dhoruba kali ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo kisiwa cha Pemba ndicho kilichobeba sifa ya zao hilo. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachotoa mafuta kwa kutumia makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Mvuke wa maji hupitishwa katika makonyo hayo, ukayabeba mafuta, kisha ukapozwa. Maji na mafuta yakajitenga. Mwanafunzi yeyote wa kemia atautambua mtambo huo, kwani kanuni yake ndiyo ileile anayofundishwa darasani.

Hapa ndipo swali la pili linapopata uzito. Mti ni mmoja, lakini mafuta yake ni ya aina tatu. Kilo 100 za karafuu kavu zaweza kutoa kilo 15 hadi 20 za mafuta; makonyo ya uzito huohuo hutoa kilo 5 hadi 7; majani hutoa kilo 2 au 3 tu. Mtu angedhani basi kwamba mafuta ya majani ndiyo yenye thamani kubwa, kwa kuwa ni machache. Mambo ni kinyume. Karafuu yenyewe ni zao la thamani linalochumwa kwa mkono, ilhali majani na makonyo ni masalio ya shamba. Mafuta ya karafuu zenyewe yana harufu laini na iliyokamilika. Ya majani ni makali zaidi. Yote matatu yana kiasi kikubwa cha eujenoli, ile kemikali inayotia ganzi ufizi, na yote ni halali kuuzwa. Kosa ni kuyauza ya majani kwa jina na bei ya karafuu. Ndiyo maana kibandiko cha kweli hutaja sehemu ya mmea, pamoja na jina lake la kisayansi, ambalo kwa mkarafuu ni Syzygium aromaticum, nchi yalikotoka, na tarehe ya mwisho ya kutumiwa.

Bei nayo ni shahidi asiyependa kusema uongo. Ili kupata kilo moja ya mafuta ya waridi, huhitajika takriban tani 3 za maua au zaidi. Mchaichai, kwa upande mwingine, hukatwa kwa mundu kama nyasi. Basi ukiona rafu ambapo waridi, asumini, mchaichai na karafuu zimepangwa katika vichupa vya ukubwa mmoja, vyote kwa bei moja, jua kwamba hapo kilichouzwa ni harufu iliyotengenezwa kiwandani. Harufu kama hizo si jambo geni. Wanakemia wamekuwa wakiziunda tangu karne ya 19, nazo zina kazi yake katika sabuni na manukato. Hila ni kuziita mafuta ya mmea.

Sasa tuirudie bilauri yangu. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, ilhali mafuta ya kupikia na mafuta ya taa ni mepesi. Dondosha matone machache majini. Tone dogo laweza kushikiliwa juu na utando wa maji, kwa hiyo lisukume taratibu kwa kijiti. Likizama chini, umepata dalili njema; likirudi juu na kutanda, limechanganywa. Maji yakigeuka meupe kama maziwa mara moja, huenda kuna spiriti ndani yake. Walimu wa sayansi wanaweza kulifanya jaribio hili kwa gharama ndogo mno, na somo la uzito wa vitu vimiminika likawa na maana ambayo mwanafunzi hataisahau.

Lakini nisieleweke vibaya. Kuzama si cheti cha usafi. Mafuta ya majani pia huzama, na eujenoli iliyotoka kiwandani huzama vilevile. Isitoshe, kipimo hiki hakifai kwa mkaratusi wala mchaichai, ambayo mafuta yake halisi huelea. Uthibitisho kamili hupatikana kwa mashine za kuchambua kemikali, na hiyo ni kazi ya watengenezaji na ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Kazi yetu ni kukataa yale ambayo hata bilauri ya maji inayakana.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu kuliko hasara ya fedha. Neno "asilia" limewafanya wengi waamini kwamba kitokacho mmeani hakidhuru. La hasha! Mafuta haya ni mmea uliokusanywa nguvu zake zote katika kijichupa. Mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu, kiasi cha kijiko au viwili vya chai, zimewahi kumfanya mtoto mdogo apoteze fahamu na kuharibika ini. Hayanywi, wala hayapakwi ufizi wa mtoto anayeota meno. Kwa mtu mzima hutumiwa kwa tone lililozimuliwa, kumpunguzia maumivu akiwa njiani kwenda kwa daktari wa meno, si badala ya daktari. Na yahifadhiwe katika chupa ya kioo cheusi, mbali na jua na mikono ya watoto, kwani eujenoli huweza kuila plastiki ya aina fulani. Muuzaji anayeyatia katika kichupa chepesi cha plastiki ametwambia tayari jinsi anavyoijua bidhaa yake.

Ubora, fauka ya hayo, hauishii ndani ya chupa. Hapa Kenya tumeshuhudia msandali uking'olewa pamoja na mizizi yake nyikani ili mafuta yake yauzwe ng'ambo, hadi serikali ikaupiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mafuta yaliyopatikana kwa wizi wa msitu, hata yakiwa safi namna gani, hayawezi kuitwa mema.

Najua wapo watakaosema kuwa maskini hana nafasi ya kuchagua; hununua anachokimudu. Nawajibu kwamba ni yeye hasa asiyemudu kudanganywa. Kama bei ya mafuta halisi imemshinda, na anunue karafuu chache nzima sokoni. Aibonyeze moja kwa ukucha: ikitoa unyevu wa mafuta na harufu ikapanda, ni nzuri, ikiwa kavu kama kijiti, imekwisha kunyonywa. Akiitafuna taratibu kando ya jino linalouma, atapata nafuu kidogo kwa senti chache, na hakuna aliyeweza kumchanganyia kitu ndani yake.

Walimu wenzangu, tunawafundisha vijana kusoma ufahamu na kujibu maswali. Tuwape pia vibandiko vya madukani wavisome, wavihoji, waonyeshe kilichofichwa. Nanyi wanafunzi, mkitumwa dukani, msirudi na chupa kabla ya kuuliza maswali yale matatu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mara nyingi hujitembeza kikiwa kimevaa herufi za dhahabu.